Bibi Mkeka Anastaafu, Mjukuu Anamsubiri

Ifikapo tarehe thelathini ya mwezi huu, Bibi Mkeka atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne ya utumishi katika kliniki yetu ya watoto, na asubuhi itakayofuata hatakuja. Ofisi imeniomba niandike wasifu wenye uchangamfu. Nitajitahidi, ila anayetaka kicheko mwanzo hadi mwisho angemwomba mtu mwingine. Mimi ni wa mazoezi ya viungo, chumba cha jirani, na ukuta uliotutenganisha ni mwembamba mno. Kila alichosema nilikisikia, nitake nisitake.

Alianzia wodi ya wazazi, kisha akahamishiwa chumba cha kupimia watoto, kile chenye dirisha lisilofungika. Enzi hizo mtoto aliletwa amefungwa blanketi hadi puani, akaning'inizwa kwenye mzani, akachomwa sindano yake, akarudishwa kwa mamake. Basi. Yeye akasema mtoto si gunia la kupimwa kilo tu. Akaleta mkeka kutoka kwake, akautandika sakafuni, akaagiza kila mtoto avuliwe nguo na kulazwa hapo, kwanza chali, halafu kwa tumbo. Jina lilianzia hapo, na likamganda hadi wakubwa wa ofisi wakawa wanalitumia kwenye vikao.

Akishamlaza mtoto, alisimama mikono nyuma na kutazama. Marufuku kumgusa, marufuku kuongea. Wageni walidhani anasali. Kumbe anaangalia shingo, anaangalia vidole, anaangalia kama miguu yote miwili inapiga teke au mmoja umezubaa. Mtoto wa mwezi mmoja huinua kidevu kidogo na kukiangusha. Akifika miezi mitatu hivi, anakiinua kichwa na kukishikilia, na ngumi zimeshaanza kufunguka. Baadaye anajipindua, kisha anakaa. Aliwakanya kina mama wasiichukulie orodha hiyo kama ratiba ya basi, maana wapo wanaochelewa na hawana neno. Lakini alipoona kitu kisichomkalia vizuri, aligonga ukuta mara moja, nami nikajua nina mgeni. Wapo watoto wengi wanaotembea leo kwa sababu ukuta ule uligongwa mapema.

Kuna baba mmoja alikuja kifua mbele kutangaza kwamba mwanawe wa wiki moja anatembea. Alileta na mashahidi, mashangazi wawili na jirani. Akamsimamisha mtoto mezani, nyayo zikagusa, na kweli, mguu mmoja ukainuka, wa pili ukafuata. Mashangazi wakapiga vigelegele. Bibi Mkeka hakumcheka. Alimweleza taratibu kwamba watoto wachanga huzaliwa na hatua hizo, kisha huzipoteza kwa miezi mingi kabla ya kujifunza kutembea kwenyewe, kwa hiyo zikitoweka asije kuilaumu kliniki. Zilipotoweka, alikuja kuilaumu kliniki.

Benchi la nje ndilo lililomchosha zaidi. Pale kila mama ana mtoto aliyemshinda wa mwenzake. Wengine walimsifu mtoto wa miezi mitatu kuwa ana nguvu, ukimshika anakaza miguu na kusimama wima kama askari. Bibi Mkeka alikuwa akitoka mwenyewe mlangoni kuwaambia kwamba mtoto anayekakamaa mapema hivyo si wa kushangiliwa, ni wa kuletwa ndani aangaliwe.

Sasa nimefika mahali ambapo ofisi ilitaka niparuke. Mwenyewe ndiye aliyekataa.

"Mdogo wangu," aliniambia, "usiponiandika na hilo, usiniandike kabisa."

Mwaka jana bintiye wa pekee alijifungua, baada ya miaka ya kungoja. Uchungu ulikuwa mrefu na mtoto alichelewa kulia, lakini alipolia, wote walishusha pumzi na hakuna aliyetaka kulizungumzia tena jambo hilo. Bibi alikuwa akitoka kazini anakwenda moja kwa moja kwa mjukuu. Mtoto alikuwa msumbufu, akilazwa chini anapiga mayowe, kwa hiyo hakulazwa. Alikuwa begani kwa bibi yake tangu jioni hadi anapolala. Wakati wa chai alitupasha habari zake akiwa amechanua uso mzima. Mjukuu ni mwamba. Mjukuu ukimshika kwapani anakaza miguu, anataka kusimama. Sote tulimpongeza. Mtu aliyewakanya kina mama wa benchini kwa miaka yote hiyo alikuwa akisema maneno yaleyale, na yeye hakujisikia, kwa sababu mapenzi yalikuwa yamemjaa masikioni.

Mtoto alipokaribia miezi saba, bintiye alimleta kliniki kwa sindano aliyokuwa amechelewa kuchomwa. Binti alikataa kupitishwa mbele ya wengine, akakaa kwenye foleni hadi zamu yake ikafika. Mtoto akavuliwa nguo na kulazwa mkekani kama mtoto yeyote, na bibi akasimama mikono nyuma kama siku zote.

Nilisikia mayowe ya mtoto, halafu nikasikia sauti ya binti: "Mama, mbona umenyamaza?"

Ukuta uligongwa. Nilipoingia, Bibi Mkeka hakugeuka. Mtoto alikuwa chali, ngumi zimefungwa na vidole gumba vimebanwa ndani, miguu imekaza na kupishana. Nilipomvuta mikono taratibu kumkalisha, kichwa kilibaki nyuma.

"Sema wewe," bibi aliniambia. "Mimi mdomo haufunguki."

Nikasema. Nilimweleza binti kwamba ubongo wa mtoto huenda uliumia wakati wa kuzaliwa, kwamba daktari atamwangalia, kwamba mazoezi yaanze mara moja, na kwamba ingekuwa heri kama tungemwona mapema zaidi. Hilo la mwisho lingeweza kubaki tumboni mwangu. Binti alimvalisha mwanawe nguo bila haraka, soksi moja, soksi ya pili, kisha akamtazama mamake.

"Lakini Mama, wewe si ulikuwa unamshika kila siku?"

Bibi Mkeka alitoka mlangoni, akamwita mtoto aliyefuata. Aliimaliza foleni ile yote, na kila mtoto akaangaliwa kama inavyotakiwa.

Ofisi ilimwomba abaki kwa mkataba awafundishe wauguzi wapya. Alishukuru, akakataa. Bintiye amerudi kazini, na mchana kutwa mtoto yuko kwa bibi. Nimewafundisha namna ya kumlaza, kumgeuza, kumnyoosha. Mtoto analia, bibi naye analia, na wanaendelea. Mama na binti wanazungumza mambo ya nepi na maziwa. Hayo mengine bado hawajayafikia, na sitawadanganya kwamba watayafikia karibuni. Chumba chake kitafungwa kwanza hadi apatikane mtu, na mkeka ameniachia mimi.

Juzi aliniuliza kama mjukuu wake atakaa. Yeye anajua kuliko mtu yeyote hapa kwamba swali hilo halina jibu kwa sasa, lakini aliniuliza kama wanavyouliza kina mama wote, akiwa ameushika mkono wangu. Nilimwambia sijui.

Dada yetu mkubwa, kwa niaba ya kliniki nzima, ahsante kwa kila shingo uliyoingojea iinuke. Tungependa kukutakia mapumziko mema, lakini hupumziki, unahamia kwenye kazi ngumu kuliko ile unayoiacha. Basi tunakutakia mikono isiyochoka na binti atakayekaa nawe sakafuni. Akikaa huyo mtoto, tupigie simu. Asipokaa, tupigie pia.