Bibi Onja na Mabakuli ya Kuchovya

Mama tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa nne wa fundi wa tanuri na mkewe. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Bibi Onja. Kwao utotoni walimwita Kunguru, kwa ajili ya woga. Aliogopa radi, aliogopa jogoo wa jirani, aliogopa hata nguo zilizoanikwa zikipigwa na upepo. Kaka zake wakimcheka, mama yao aliwakatiza: “Mwacheni. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.”

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng’ambo ya reli, akamaliza darasa la saba mwaka 1971. Hesabu zilimpiga chenga, ila jikoni alikuwa mtu mwingine. Rafiki yake wa dawati moja, ambaye yuko nasi hapa, anasimulia kwamba siku ya mtihani wa upishi marehemu alikataa kumpelekea mwalimu sahani. “Nikamwuliza, we vipi, kimeungua? Akasema hakijaungua, lakini je, akiumwa tumbo?” Akaonja, akaonja tena, mpaka mwalimu akapelekewa nusu sahani. Alipata alama zote za ladha, akakatwa za kipimo.

Mwaka 1976 aliajiriwa katika jiko la ukumbi wa sherehe, na hapo alifanya kazi hadi alipostaafu mwaka 2012. Yeye alikuwa mtu wa vya kuchovya, yale mabakuli madogo yanayotangulia chakula chenyewe. Havikuwa vitu vya gharama wala vya kusumbua. Parachichi aliliponda kwa uma na kulikamulia ndimu. Bilinganya aliichoma juu ya moto mpaka ganda likawa jeusi, akaimenya, akaiponda na kitunguu saumu. Mtindi aliuchuja kwenye kitambaa safi, akaukunia tango. Spinachi aliichanganya na karanga zilizosagwa. Pembeni palikuwa na mkate uliokaushwa na vipande vya karoti, basi. Nyumbani nako, ndugu wakikusanyika, hakuna aliyekaa kabla mabakuli hayajafika. Alikuwa akisema, “Ndugu wakikaa na njaa wanaanza kukumbushana mambo. Wape kitu cha kuchovya, midomo ipate kazi.”

Tarehe 8 Septemba 1979 alifunga ndoa na fundi seremala aliyekuja ukumbini kurekebisha mlango wa jiko. Fundi alipewa bakuli la bilinganya aonje, na mlango wa kazi ya asubuhi moja ukachukua wiki nzima. Alimchongea mkewe kijiko cha mbao, na kwa kijiko hicho kimoja marehemu alikoroga mabakuli yote, moja baada ya jingine, bila kukisuuza. “Mabakuli ya meza moja ni ndugu,” alisema, “lazima yajuane.” Mungu aliwajalia watoto watatu. Mumewe alitangulia mbele ya haki mwaka 2009.

Desemba 2018 familia ilikusanyika kwa binti mkubwa. Mjukuu, mtoto wa mwanawe wa kiume, kitinda mimba, alikuwa na miaka miwili. Alipewa mtindi na tango, chakula cha mtoto kabisa. Mara midomo ikavimba, macho yakafumba, na kifua kikaanza kupiga mluzi. Jirani aliwasha gari bila hata kuvaa viatu. Hospitali walimchoma sindano, pumzi zikamrudia. Daktari akauliza mtoto amekula nini, na alipoelezwa habari ya kijiko, akasema, “Ni karanga. Kwa huyu, hata zilizobaki kwenye kijiko zinatosha kumwua.”

Marehemu hakulia. Alikaa kwenye benchi la pale nje akiitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. Tangu siku ile karanga hazikuingia tena nyumbani kwake, na kila bakuli likapata kijiko chake. Tena ndugu wakileta chakula, hakuna kitu kilichopita mdomoni kwa mtoto kabla ya kupita kwake. Kumwuliza mgeni ametia nini aliona ni kama kumtuhumu, kwa hiyo alionja tu, akitabasamu. Mtoto alisimama mbele yake na kipande cha mkate mkononi, akingoja. “Bibi, tayari?” “Tayari, kula mjukuu wangu.” Ndipo jina la Bibi Onja lilipoanzia.

Agosti 2023 alipata kiharusi. Mkono wa kushoto ulilegea, ukarudi polepole, sote tukashukuru. Kitu ambacho hakurudishiwa ni ladha, na hilo hakumwambia mtu.

Jumapili moja ya Februari mwaka uliofuata, dada wa mume wa binti mkubwa, mgeni siku hiyo, alileta bakuli la bilinganya. Marehemu akatia kinywani. Akatia tena. Mkwe wake mdogo, mama wa mtoto, alikuwa anakata mkate, akaona kijiko kinarudi bakulini mara ya tatu.

“Bibi, tayari?”

Marehemu akafunika bakuli kwa kiganja. “Sijui.”

“Hujui nini, Mama?” binti mkubwa akacheka. “Mpe mtoto ale, mkono wake unachoka.”

“Sijui, nimesema! Sisikii kitu. Ni kama natafuna pamba.” Kisha akamgeukia mgeni, akauliza swali aliloliogopa miaka yote: “Mwanangu, usinichukie. Umetia nini humu?”

“Bilinganya, kitunguu saumu, na karanga kidogo za kuipa uzito. Kwani vipi?”

Mama wa mtoto alikuwa ameshamnyakua mwanawe na kumkumbatia, akimnusa mdomo.

Kiharusi cha pili kilimpata mwishoni mwa Aprili 2025. Wodini marehemu aliuliza jambo lile lile kila alipozinduka: nani ataonja sasa? Mkwe wake mdogo alitaka kumwambia usiogope, akashindwa, maana na yeye anaogopa. Akamwambia, “Sitaonja, Mama. Nitauliza. Hata wakinuna, nitauliza.” Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, akiwa na miaka sitini na minane.

Ameacha dada mmoja, mabinti wawili, mwana mmoja, wakwe watatu na wajukuu watano.

Chakula kiko tayari chini ya turubai, na wengi wenu mmekuja na mabakuli kutoka majumbani. Mungu awalipe. Lakini kabla hayajafunuliwa, familia inaomba kila aliyeleta asimame hapo alipo aseme ametia nini. Msione mnatuhumiwa. Mjukuu wake amekaa mstari wa mbele, hajatia kitu kinywani tangu asubuhi, na amesema hatakula mpaka asikie.

Lala salama, Mama. Kuogopa tuachie sisi.