Persida Lazović na Shamba la Chini la Rasiberi (1949–2019)

Mpendwa wetu Persida alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1949 katika kijiji chetu cha Bresovik, kando ya mto Moravica, akiwa mtoto wa tatu wa Vukosav na Stanija. Alizaliwa ukingoni mwa shamba, kwa sababu mama yake hakupenda kuacha kazi katikati, na Persida akaurithi ugonjwa huo. Wenye miguu mibovu nawaomba mtafute pa kukaa, maana haya nitakayosoma si mafupi, wala si yote matamu.

Alisoma miaka minne katika shule ya kijiji, kisha akaendelea mjini hadi darasa la sita, akienda kwa miguu, jua na theluji. Mwaka 1962 mama yake alifariki, na Persida akaachishwa masomo ili apike na kuwalea wadogo zake. Hakunilalamikia mimi wifi yake hata siku moja. Ila hadi uzeeni, akimwona msichana anakwenda shule na mkoba mgongoni, alikuwa akisimama kumtazama mpaka apotee kwenye kona.

Bonde letu zima linaishi kwa matunda ya rasiberi, na kazi ya Persida ilikuwa kupogoa. Shamba lao la chini, karibu na mto, ni la aina ya kiangazi, ambayo huzaa kwenye fito zilizoota mwaka uliotangulia. Kila baada ya mavuno alizikata zile zilizokwisha kuzaa, akazibakiza changa zenye afya na kuzifunga kwenye waya zingoje zamu yao. Shamba la juu lilipandwa miaka ya karibuni, nalo ni la aina ya vuli. Hiyo huzaa kwenye fito za mwaka huohuo, kwa hiyo baridi inapoelekea kwisha hukatwa yote hadi ardhini. Atakayechanganya haya mawili na kuikata ya kiangazi hadi chini, mwaka huo hatavuna hata tunda la kuonja. Mabibi harusi walioletwa kijijini aliwafundisha kwa maneno manne tu: "Chini bakisha, juu nyoa."

Ndugu yangu Tihomir alimfahamu Agosti 1970, alipotumwa kwa kina Vukosav kusaidia kufunga fito. Kijana wa watu alitaka kuonyesha nguvu, akazikaza kamba mpaka fito zikakaribia kukatika. Persida akamtazama, akamuuliza, "Kwani huyo ni mwizi umemkamata?" Tihomir alirudi nyumbani amenuna, na wiki iliyofuata akaomba atumwe tena. Walifunga ndoa Jumapili, tarehe 7 Novemba 1971. Mtoto wao wa kwanza, msichana, hakumaliza mwezi, na amelala katika makaburi haya haya. Mwana wao Radenko alizaliwa mwaka 1979.

Mwaka 2008 Radenko alimwoa Nevenka, kutoka tambarare za Banat, watu wa mahindi na alizeti. Walijaliwa binti, Tijana. Wengi wetu tulimcheka Nevenka kwa lafudhi yake na mikono yake laini. Persida hakumcheka. Alimwita mwanangu na kumfundisha mkasi yeye mwenyewe, na walipokuwa shambani vicheko vyao vilikuwa vikinifikia hadi jikoni kwangu.

Sasa nafika kwenye ugonjwa, na ndugu yangu, aliyeketi hapa mbele, ameniruhusu nisiruke kitu.

Mnakumbuka Februari ya mwaka 2014. Nevenka alipogoa shamba la juu, akalinyoa lote kama inavyotakiwa. Siku ya pili, ukungu ulikuwa mzito kiasi cha kutoiona hata ng'ambo ya barabara. Tihomir na Radenko walikuwa msituni wakikata miti ya nguzo, Nevenka yuko ndani na mtoto mwenye homa. Siku ya tatu ilikuwa ya Mtakatifu Trifun, mlinzi wa ukoo wetu. Wageni walikuwa wamejaa, mshumaa unawaka, ngano iliyochemshwa iko mezani. Ukungu ukafunguka, na kila aliyekuwa uani akaona kwamba shamba la chini halina kitu. Lilikuwa limekatwa hadi ardhini, mwanzo hadi mwisho.

Tihomir hakutafuta mbali. Juzi yake Nevenka alikuwa na mkasi mkononi, na kosa lile ni kosa la wageni. Persida alipoulizwa aliapa mbele ya mshumaa kwamba hakukanyaga kule, na hakuwa akisema uongo, kwa sababu hakukumbuka. Wakati huo alikuwa ameshatia chumvi kwenye kahawa mara mbili, nasi tukacheka tu.

"Baba, mimi shamba la chini sijatia mguu," Nevenka alisema.

"Rudi kwenu kwenye mahindi," Tihomir akamjibu, watu wote wakisikia. "Huko kukata hadi chini ndiko kuvuna."

Aliondoka na mtoto jioni ileile. Radenko alibaki njia panda hadi Pasaka, kisha akamfuata mkewe. Nyumba ikabaki na wazee wawili.

Februari iliyofuata Tihomir alimkuta Persida katika shamba la jirani yetu Gvozden, ameinama, anazinyoa fito za kiangazi huku akiimba. Hapo alijua. Alimwambia Gvozden kwamba ni yeye mwenyewe, si Persida, aliyezikata kwa kuteleza mkono, akamshika mkewe na kumrudisha nyumbani. Tangu siku hiyo mkasi ulifungiwa sandukuni. Hakumwambia mtu yeyote, hata mwanawe. Persida alikuwa na jina bondeni, na Tihomir aliona bora jina hilo lilindwe, hata kama la Nevenka lingeoza. Kumpenda mke ni jambo jema, ndugu yangu, lakini hapa ulimpenda kwa gharama ya mtoto wa watu.

Ugonjwa ulimla taratibu. Alisahau majina, akasahau kijiko, akasahau kwamba Stanija mama yake amekufa, na kila alipoambiwa alilia upya. Tihomir alimlisha na kumwogesha mwenyewe.

Asubuhi moja ya Februari mwaka huu nilikuwa nimeketi naye dirishani, tukiwatazama watu wakipogoa. Akanishika mkono, macho yake yakiwa safi kama zamani.

"Wifi, lile shamba nililikata mimi," akasema. "Kulikuwa na ukungu, nikadhani niko juu. Nikifa, usinifiche. Liseme kaburini, wote wasikie, ndipo nitalala."

Kufika mchana alikuwa ameshanisahau jina. Nilimwendea Tihomir, naye akalia na kuniambia habari ya Gvozden. Nikampigia simu Nevenka, nikamsihi aje amwone mama mkwe wake angali hai. Hakutukana, na afadhali angetukana. "Shangazi Zagorka," alisema, "nilifukuzwa mbele ya watu. Nirudishwe mbele ya watu."

Haikuwezekana. Persida alishikwa na kichomi, na Jumapili, tarehe 3 Machi 2019, akakata roho nyumbani kwake, mumewe akiwa kando ya kitanda. Katika siku zake za mwisho alimwita Nevenka mara nyingi, na mara nyingi tulimdanganya kwamba yuko njiani. Jambo hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe.

Ninapoandika haya sijui kama Nevenka atakuja. Kama yupo, asisimame nje ya ua wa makaburi na wapita njia. Mahali pake ni hapa kichwani pa jeneza.

Marehemu ameacha mume, Tihomir, mwana, Radenko, mjukuu, Tijana, wifi, mimi Zagorka, na mkwe, Nevenka, ambaye shamba la chini hakulikata.

Nimesema, wifi yangu, na wote wamesikia. Lala sasa.