Lucius Tarpley na Behewa la Mwisho la Nyota ya Ghuba

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni hii ya Jumapili. Hapa ni Hattie Broadnax, ndani ya studio yetu ya Mtaa wa Arobaini na Saba, Chicago. Punguzeni moto jikoni, mwiteni bibi aje akae karibu na redio. Leo tunamkumbuka mtu wetu. Nawaonya mapema: mwenzenu nimekasirika, na sina mpango wa kuficha.

Jina lake Lucius Tarpley. Lishikeni, maana nitalirudia mpaka fundi mitambo wangu achoke kulisikia. Lucius Tarpley alifariki dunia wiki mbili zilizopita, hapa hapa South Side, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne. Na Lucius Tarpley ndiye aliyebuni Nyota ya Ghuba.

Ndiyo, Nyota ya Ghuba ile ile. Treni ya rangi ya fedha inayoondoka hapa asubuhi kwenda New Orleans, yenye pua ya mviringo na mstari wa buluu ubavuni. Wengi wenu mlikuja nayo huku kaskazini. Mimi pia. Nilikuja nimekaa mbele, nusu behewa tuliyotengewa sisi watu weusi, nusu ya pili ikiwa ya mizigo, moshi wa injini puani. Mapajani nilikuwa na boksi la viatu lenye kuku wa kukaanga, kwa sababu mnazozijua: behewa la chakula halikututaka. Lakini dirisha lilikuwa pana. Hilo nalikumbuka. Niliiona Mississippi yote ikirudi nyuma kwenye dirisha lile, nikajisemea, kwaheri.

Dirisha lile lilikuwa pana kwa sababu ya Lucius Tarpley. Nitafika huko.

Kwanza sikieni gazeti kubwa la mjini lilivyotangaza msiba huu. Sentensi moja, chini ya tangazo la dawa ya sugu za miguu. Nasoma: “Amefariki Lucius Tarpley, mtumishi wa zamani katika ofisi ya marehemu Bwana Halvorsen, mbunifu wa Nyota ya Ghuba.” Basi. Mtumishi. Halvorsen alipokufa walimpa ukurasa mzima na picha tatu. Sina ugomvi na marehemu. Nina ugomvi na anayejua ukweli akaukunja na kuutia mfukoni.

Turudi mwanzo. Lucius alizaliwa Oakley Bend, Mississippi, mahali ambapo treni hupunguza mwendo bila kusimama. Mama yake alikuwa dobi, akifua mashuka ya hoteli ya stesheni. Dada yake, Bi Velma, ameniambia hivi, na bado yuko Oakley Bend, na mdomo wake bado mkali:

“Lucius alikuwa anachonga treni kwa sabuni ya mama. Anachonga, analoweka majini, anasugua kwa kidole mpaka kona zote zinaisha. Mama akienda kufua, sabuni hana, ana treni. Alichapwa, dada yangu, alichapwa sana. Kesho yake kachonga nyingine. Mashuka ya hoteli ile tuliyafua kwa mabehewa.”

Ndivyo alivyojifunza. Kabla hajasikia neno lolote la wasomi kuhusu umbo linalokata upepo, alishaona maji yanavyokula kona za sabuni na kubakiza umbo lisilobishana na kitu.

Akaja Chicago. Akasoma shule ya sanaa, mtu mweusi peke yake darasani. Akatuma michoro yake kwa Bwana Halvorsen kwa posta, na kwa posta mchoro hauna ngozi. Halvorsen akajibu njoo. Lucius alipofungua mlango, Halvorsen alimtazama muda mrefu, kisha akasema, “Utakaa chumba cha nyuma.” Lucius akakaa chumba cha nyuma miaka kumi na tisa.

Sasa sikieni hili. Wakubwa wa kampuni ya reli walikuwa wakija kuitazama treni yao inavyoendelea kuchorwa. Wakimkuta Lucius mlangoni, wanafanya nini? Wanampa kofia zao. Wanavua makoti, wanamtwika mikononi kama mti wa kutundikia nguo, wanapita. Naye anasimama ukutani, mikono imejaa kofia za watu, akiwasikiliza wanavyoijadili treni aliyoibuni yeye. Halvorsen aliliona hilo. Hakuwahi kusema, “Waungwana, huyu ndiye.” Hata mara moja.

Nilimuuliza mjane wake, Mama Odessa, Jumamosi hii jikoni kwake, kwa nini Lucius alivumilia. Akaniambia, “Hattie, alikuwa anataka treni. Mtu anayetaka kitu namna ile, unamwambia nini?”

Haya, dirisha. Mwaka thelathini na saba mfano wa treni ulikuwa tayari mezani, mbao na udongo wa mfinyanzi, mrefu kuliko meza ya harusi. Madirisha mapana yamepangwa mstari mmoja, kutoka mbele mpaka mkiani. Wakubwa wakaja, kofia zikaenda kwa Lucius. Mmoja wao akanyoosha kidole kwenye nusu behewa la mbele. Akasema, “Hapa watakaa weusi. Wawekeeni vidirisha vidogo, vya juu. Vioo ni ghali.”

Halvorsen akakohoa.

Lucius akaziweka kofia kwenye kiti. Akachukua donge la udongo, akaenda mezani bila kuitwa, akaziba madirisha ya mbele kwa kidole gumba, moja moja, kama walivyotaka. Akarudi ukutani. Akashika tena kofia.

Wakaitazama treni. Imekuwa kama mzee aliyeng'olewa meno ya mbele. Umbo lote limeharibika. Ule mstari uliokuwa unakimbia mpaka mkiani sasa unajikwaa mwanzoni kabisa. Mkubwa akakunja uso. “Hapana, hapana. Inaonekana inakwenda polepole. Rudisheni kama ilivyokuwa.” Kisha akamgeukia Lucius. “Na wewe kijana, usiguse tena vitu vya watu.”

Alikuwa na miaka thelathini na minne, huyo kijana.

Ndivyo tulivyopata dirisha, wasikilizaji wapendwa. Si kwa huruma ya mtu. Lucius alijua wanapenda nini kuliko wanavyotuchukia, na akapitia hapo hapo. Viti walitupa vya mbao, hilo alishindwa. Choo walitupa kimoja, wanaume kwa wanawake, hilo pia alishindwa. Lakini dirisha lilikuwa dirisha, sawa na la gavana.

Na kuna lingine alishindwa, na Mama Odessa ameniruhusu kulisema. Siku moja Lucius alichorea nyumbani, mezani, wakati wa chakula cha jioni. Mama Odessa akaweka sahani, akachungulia.

“Hiyo nini?”

“Pazia.”

“La dirisha gani?”

Lucius akaendelea kuchora.

“Lucius, nakuuliza, pazia la dirisha gani?”

“Si la dirisha. La behewa la chakula. Wanataka meza mbili za mwisho zifungwe pazia, mtu wetu akila asionekane.”

Mama Odessa akaichukua sahani yake akaenda kulia chakula uani, baridi ya Novemba. Lucius akamfuata na koti. Akamfunika mabegani, akasimama pale. Akamwambia, “Nisipochora mimi atachora mwingine, na huyo mwingine ataanza na pazia, amalizie kwenye dirisha.” Mama Odessa akamjibu, “Najua. Na bado sitaki kulitazama.” Wakakaa wiki nzima wakizungumza kwa adabu tu, kama majirani.

Pazia likatengenezwa. Lucius Tarpley alichora pazia lile, na mara moja, akisafiri kwenda kumuuguza mama yake, alikula nyuma ya pazia lile lile. Mnaniuliza kwa nini nimekasirika.

Lakini nawaambia alichokipenda. Alipenda behewa la mwisho. Mnalijua kwa nje tu, kama mimi. Ukuta wa nyuma ni kioo cha nusu duara, na ndani kuna viti vinavyozunguka, abiria wa daraja la kwanza wanaketi wakiangalia reli zikijifunga nyuma yao. Ule mviringo ni sabuni ya mama yake. Alimwambia mkewe, “Vyote nilivibishania. Hili nililifurahia.” Na alitaka jambo moja duniani: aketi kwenye kiti kile, treni ikikimbia, aone kama alikadiria sawa.

Miaka kumi na minane hakuruhusiwa.

Kisha mahakama zikaondoa pazia. Kisha mwaka jana, mwezi wa kwanza, amri ikaanza kazi kwamba hakuna tena behewa la weusi kwenye treni zinazovuka majimbo. Lucius akakata tiketi mbili za daraja la kwanza. Akavaa suti. Akavaa kofia yake ya kijivu, ile mliyoizoea kanisani, aliyokuwa hamwachii mtu amshikie. Walipofika mkiani, mkaguzi wa tiketi akasimama mlangoni. Akasema, “Huku kumejaa. Nendeni mbele.”

Kumejaa. Mama Odessa alikuwa anaviona viti kupitia kioo. Vitupu. Akaanza kusema, na mnamjua Mama Odessa akianza. Lucius akamshika kiwiko. “Mama, taratibu. Tutakaa siku nyingine.” Wakaenda mbele, na tiketi zao za daraja la kwanza mfukoni.

Siku nyingine haikuja. Moyo ulikuwa umeshachoka. Alilala mwezi wa saba, hakuamka vizuri tena, na wiki mbili zilizopita akatuacha.

Aliomba azikwe Oakley Bend, kando ya mama yake. Na mtu wetu akirudi kuzikwa kusini, anarudi kwa treni. Waliowahi kusafirisha msiba wanaijua kanuni ya reli. Maiti hasafiri kama sanduku. Lazima akatiwe tiketi kamili ya daraja la kwanza, kama aliye hai, na asindikizwe na mtu mwenye tiketi kama hiyo. Jeneza likapandishwa Nyota ya Ghuba, behewa la mizigo, mbele kabisa. Upande wa pili wa ukuta ni ile nusu aliyotupatia madirisha.

Mama Odessa akasimama pale akalitazama jeneza likifungwa mikanda. Kisha akatoka, akatembea jukwaa lote la stesheni mpaka mkiani. Mkononi ana tiketi mbili na ile kofia ya kijivu. Akapanda. Safari hii hakuna aliyesimama mlangoni. Akakaa kiti cha katikati, penye mviringo, na kiti cha pembeni yake akaweka kofia.

Treni ikaondoka. Abiria wakaanza kuja, viti vikajaa kweli, kikabaki cha kofia. Mkaguzi wa tiketi akaja na bwana mmoja anayetafuta pa kukaa. Nawapa maneno yao kama Mama Odessa alivyonipa.

“Shangazi, hiyo kofia iondoe, kuna mtu anataka kukaa.”

“Baba yako hakuwa na dada wa rangi hii. Na kiti hicho kina mtu.”

“Mtu gani? Yuko wapi?”

“Yuko mbele, behewa la mizigo.”

Akampa tiketi. Mkaguzi akaisoma. Akaisoma tena. Tiketi ya maiti ina mhuri wake, haikosewi.

Mama Odessa akamuuliza, “Daraja gani hiyo?”

“La kwanza.”

“Mliitaka nyinyi. Kanuni yenu inasema mume wangu asafiri daraja la kwanza. Sasa wa daraja la kwanza wanakaa wapi?”

Yule bwana aliyetaka kiti akaangalia viatu vyake. Mama Odessa anasema mkaguzi alikuwa kijana tu, masikio yamemwiva. Kisha akachukua mashine yake, akaitoboa tiketi, akamrudishia. Akamwambia yule bwana, “Samahani, hapa pana mtu.”

Na Mama Odessa akaegemea, akaangalia reli zikienda nyuma, Illinois nzima, kwa niaba ya mumewe. Nilimuuliza, je, alikadiria sawa? Akasema, “Hattie, hukwami popote. Jicho lako halikwami popote.” Hapo ndipo alipolia, na mimi naye, kahawa ikapoa.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Mama Odessa Tarpley, kwa Bi Velma kule Oakley Bend, na kwa ukoo wote: poleni sana. Msiba huu ni wetu sote tuliowahi kuweka paji la uso kwenye dirisha lile. Kwa mhariri wa gazeti kubwa la mjini: aliyebuni Nyota ya Ghuba anaitwa Lucius Tarpley. Nitalisema Jumapili ijayo, na inayofuata, mpaka uliandike.

Na ninyi mnaonisikiliza, usiku huu fikirini ni nani mnayempita mlangoni mkimkabidhi makoti yenu. Kisha kateni tiketi. Pandeni Nyota ya Ghuba, tembeeni mpaka behewa la mwisho, mkae. Na mkikuta kofia imewekwa juu ya kiti, ulizeni kwanza ni ya nani.