Siku Papa Déo Alipofunga Vitabu na Mimi Ndani

Bwana asifiwe, wapenzi wa Ndosho! Aa, hapana, hilo ni jibu la watu wenye njaa. Bwana asifiwe sana! Sawa. Sasa nimejua muko hapa.

Kwa wageni, mimi ni Riziki, ule dada wa tricycle, baiskeli ya magurudumu matatu. Tricycle yangu nimeiacha inje, chini ya ngazi. Mimi mwenyewe, papa wawili wa protocole, wenye kupokea watu mulangoni, wamenibeba na kiti mupaka hapa mbele. Papa zangu, asante sana, ninajua mimi ni muzito. Ninasalimia pia dada yangu Neema, mwenye tricycle ya bluu. Yeye hayuko ndani. Yuko pale karibu na lango, anatusikiliza kwa kipaza sauti. Neema, Bwana asifiwe! Mumesikia? Anajibu kuwapita ninyi wote.

Ndugu zangu, polio ilinishika nikiwa mutoto mudogo kule Kalengera. Sikuja kulilia hiyo leo. Miguu yangu haikujuaka kutembea hata siku moja, basi siwezi kuililia. Mikono ndiyo inazungusha tricycle kutoka hapa mupaka ku université, juu ya mawe ya volcan, pikipiki zinapiga honi nyuma yangu, vumbi mudomoni. Ninafika mabega yanawaka, lakini ninafika.

Mahali nilikuwa ninakwama ni mahali pamoja tu: bibliothèque, ile maktaba yetu. Iko juu, ku étage. Ngazi ni nyembamba, zinapinda katikati. Na sheria ya pale, ninyi mulisoma munaijua: kitabu hakitoki bibliothèque. Unakisomea pale juu, na mufuko wako unauacha chini kwa mulinzi.

Mukubwa wa pale ni Papa Déo. Nitamusema leo, na ameniruhusu, ameketi pale nyuma na bibi yake wa ndoa. Papa Déo, usijifiche nyuma ya ule mama! Yeye ni mukatoliki, mutu wa Bukavu, leo amekosa misa yake kwa ajili yangu. Papa Déo anapenda vitabu kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Zamani, watu walivunja bibliothèque wakati wa vurugu, wakaiba vitabu, na kisha siku moja akanunua karanga kwa barabara, akakuta zimefungwa ndani ya ukurasa wenye muhuri wake yeye mwenyewe. Hakuzikula. Toka siku hiyo, kelele yoyote ikitokea mujini, Papa Déo anafunga mulango kwanza, kufuli mbili, ndipo anakimbia. Watu wote ku université wanajua hiyo tabia yake na wanamuchekelea.

Basi mimi nilikuwa ninapanda namna gani? Mugongoni. Mwenzangu wa promotion, wa darasa moja, Bahati, alikuwa ananibeba. Mutu mukubwa, nimevaa pagne yangu nzuri ya kitenge, ninapandishwa kama mufuko wa makaa, na wanaume wanatupisha kwa ngazi wakitazama pembeni. Kushuka ninangojea Bahati amalize mambo yake. Siku ya bibliothèque sikuwa ninakunywa maji toka asubuhi, sababu choo kiko chini. Niliona haya, ndugu zangu. Niliona haya sana.

Na hapa kanisani mulikuwa munaniombea. Munakumbuka? Kila Ijumaa, mikono juu ya magoti yangu. "Riziki, inuka kwa jina la Yesu!" Nilikuwa ninasukuma na mikono, ninainuka kidogo, ninarudi kukaa. Wengine wakasema imani yangu ni ndogo. Sitawataja, lakini iliniuma. Iliniuma kuliko zile ngazi.

Ndipo ukafika mwaka wa mémoire, ile kazi ya kuandika ya kumaliza masomo. Niliandika juu ya wajane na kiwanja, namna ndugu za marehemu wanavyowafukuza. Mwalimu wangu akasoma, akasema kazi ni nzuri lakini haina msingi. Niende nisome hukumu za zamani zilizoko bibliothèque, ao sitaitetea mbele ya walimu. Na nyumbani tulikuwa tumekubaliana: nikishindwa mwaka ule, zamu ya kusoma ni ya mudogo wangu. Mimi ninarudi ku meza ya kuuzisha vocha za simu, mupaka mwisho. Hakukuwa mwaka mwingine. Kwa hiyo nikamwambia Bahati, kaka yangu, mugongo wako univumilie tena.

Siku ile jua lilikuwa kali. Bahati akaniweka ku meza ya mwisho, kati ya kabati mbili, akashuka kufanya photocopie. Nikafungua hukumu ya kwanza. Sijamaliza hata ukurasa, paa! Kutoka barabarani.

Ninyi ni watu wa Goma, sina haja ya kuwaeleza. Hapa hakuna mutu anauliza "ni nini?" Miguu ndiyo inauliza, nayo iko tayari mbali. Viti vikaanguka, watu wakajaa ku ngazi, mutu anaita mama yake. Na mimi nikafanya kile wazazi wetu walitufundisha wote: chini, mbali na dirisha! Nikajiachilia kutoka ku kiti, nikalala chini ya meza, uso kwa sementi. Papa Déo akapiga jicho ndani ya salle ya kusomea, akaona viti bila watu. Nikaita, "Papa, niko hapa!" Lakini na zile kelele nani angesikia? Nikasikia mulango. Nikasikia kufuli. Nikasikia ya pili.

Alilinda vitabu vyote, na mimi ndani.

Kisha kimya. Simu yangu ilikuwa ndani ya mufuko, na mufuko ulikuwa chini, sheria ni sheria. Nikawaza, kama ni vita, nani atanikumbuka? Kama ni moto? Nikalia. Kisha nikaanza kuomba kama munavyoomba: Bwana, nipe miguu, nipe miguu leo! Na katikati ya maombi nikainua kichwa. Nikatazama ule mulango. Ndugu zangu, hata ningekuwa na miguu ya mucheza mupira, ningefanya nayo nini? Mulango umefungwa. Yeyote angebaki mule ndani angebaki na mimi, muzima ao kilema. Nikasema, "Bwana, miguu tuiache kwanza. Nipe mutu wa kufungua."

Hiyo ndiyo ilikuwa sala yangu. Fupi. Nikajikokota mupaka ku mulango, nikashika kamusi nene kuliko zote, nikaanza kugonga nayo. Papa Déo, ile kamusi unisamehe.

Yeye wakati huo amefika mbali, kwa barabara ya kwenda Sake, pamoja na umati. Pale wakakuta watu wanacheka. Mupira wa gurudumu la lori ulikuwa umepasuka! Mupira, ndugu zangu! Tulikimbia mupira. Papa Déo akarudi polepole, anajifuta jasho, anajisifu kimoyomoyo kwamba vitabu viko salama. Kufika chini ya ngazi, akaona tricycle yangu imelala kwa ubavu, watu waliisukuma. Tricycle iko, mwenyewe hayuko. Hapo akasikia ile kamusi juu: du, du, du.

Bibi yake anasema hajawahi kumuona akikimbia namna Papa Déo mwenyewe alivyotueleza. Alipanda zile ngazi. Funguo zikamuanguka, akaziokota, zikaanguka tena.

"Riziki! Mwanangu! Uko muzima?"

"Niko, Papa. Ni wewe umenifunga."

Akafungua, akaniona chini na uso wa vumbi. Muzee mwenye mvi zake akakaa kwa sementi kando yangu, akalia. Nilikuwa na hasira, sitadanganya. Nikamuuliza, "Na ingekuwa bunduki ya kweli, Papa?" Akasema, "Niliangalia vitabu, mwanangu. Sikuita watu." Tukakaa pale mupaka Bahati akarudi, naye analia, alifikiri nimekufa.

Sasa musikilize Mungu anavyofanya kazi. Asubuhi ya kesho yake nikafika, nikakuta Papa Déo chini, amevaa shati mbovu, anapiga ufagio. Kile chumba cha chini chenye kujaa viti vilivyovunjika, viti vyote viko inje. Meza ndefu iko ndani, na upande mumoja hakuna kiti. Nikaingia na tricycle yangu mupaka ku meza. Mimi peke yangu! Akaja mukubwa wa ofisi ya université, akauliza, "Papa Déo, na sheria? Kitabu hakitoki bibliothèque!" Papa Déo akamujibu, "Hakitoki. Toka leo hii nayo ni bibliothèque." Mukubwa akatazama, akaenda.

Haleluya!

Papa Déo akapigilia kengele ya baiskeli kwa ukuta. Unapiga, yeye anashuka na kitabu. Kisha akaja Élie, kijana asiyeona. Juu walikuwa wanamufukuza, sababu mwenzake anamusomea kwa sauti. Chini anasomewa bila shida. Wakaja pia mama wenye mimba. Na mimi nilisoma, nikakunywa maji yangu kila siku, nikatetea mémoire, mama yangu akapiga vigelegele mupaka walimu wakacheka. Na siku hizi kelele ikitokea, Papa Déo anasimama kwa mulango na kufuli mukononi, anaita, "Nani amebaki?" Anangojea jibu. Ndipo anafunga.

Ninamushukuru Mungu, na ninamushukuru Papa Déo. Ninaamini kabisa Bwana anaponya miguu. Akitaka yangu, iko hapa, haijaenda popote. Lakini mimi aliniokoa kwa mulango.

Ninamaliza. Munajua sababu gani Neema haingii? Siku ya mvua mulimubeba, mukateleza naye ku ngazi zetu, akaanguka mbele ya kanisa zima. Toka siku hiyo anabaki pale kwa lango, kwa jua na kwa mvua, na hajakosa hata ibada moja. Sisi tunamuombea miguu.

Pasta, nisamehe. Kila Jumapili unaita mwenye haja aje mbele. Leo ninaomba watu waende nyuma, kule ku ngazi. Hapa Ndosho mawe tuko nayo, hata tukikosa vingine vyote. Mafundi ninawaona, musiangalie chini. Mutumainieni Mungu, tujenge mahali pa tricycle kupita. Leo musimuwekee Neema mikono ku magoti. Muiweke ku mawe.

Neema, unanisikia? Usiende nyumbani. Tunakuja.