Nani Kafika kwenye Bwawa la Korongo

Wavuvi wa kwingine huamka na jogoo. Sisi wa vinamasi vya Luiziana, Januari ikifika, tunakaa kwenye benchi la duka la chambo la Verna mpaka jua lipande, maana samaki wetu anavuliwa kwa macho: usipomwona, huna pa kutupia ndoana. Upepo wa kaskazini ukishapuliza, maji hupwa na kuwa maangavu, na samaki wekundu hujibana kwenye mabwawa machache yenye tope jeusi linaloshika joto. Kila mvuvi ana bwawa lake la siri. La Enos, tunayemwita Korongo kwa miguu yake mirefu, lilikuwa limeingiliwa. Asubuhi hiyo alikuwa anamsubiri mteja wa kumpeleka kuvua, na alishatuambia kwamba akirudi mikono mitupu tena anauza boti na kwenda kumenya kamba kiwandani. Nilimwonea huruma, ila alikuwa anatuangalia vibaya.

KORONGO: Tope lote limechanwa na pangaboi la boti. Mimi nikifika pale nazima mashine, nasukuma kwa upondo, hata kikohozi nameza. Sasa nani huyo kaingia ananguruma kama yuko barabara kuu?

Ulysse, ambaye habari zote humfikia kwanza na ndiyo maana anaitwa Radari, akasogeza kofia.

RADARI: Hiyo droni, kaka. Vijana wa gati la pili wanairusha. Inajificha juu ya ule mti mkavu, inakupiga picha unavyoingia.

KORONGO: Mti gani mkavu?

RADARI: Si kila bwawa lina mti mkavu, bwana.

Alcée aliuza bima maisha yake yote, kwa hiyo haamini kwamba kuna jambo linalotokea kwa bahati mbaya. Tunamwita Bima.

BIMA: Droni wapi. Hao ni serikali. Wamemfunga ndege mwari kamera mguuni. Hujamwona anavyotua kwenye ile kona ya chaza, anakaa tu, hali kitu? Anahesabu samaki.

KORONGO: Kona ya chaza umeijuaje?

BIMA: Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai.

KORONGO: Hiyo inaingiaje hapa?

BIMA: Inaingia. Ifikirie.

Nikaona nisaidie.

MIMI: Labda ni watu wa mafuta. Wanaleta meli ya kupima, wanatoboa chini, samaki wanakimbia.

Verna akatoka na birika la kahawa.

VERNA: Meli gani ipite pale? Ule mlango wa bwawa hata boti yangu inakwangua tumbo.

Korongo akamgeukia.

KORONGO: Boti yako, shemeji?

VERNA: Natoa mfano. Nikuongezee kahawa?

RADARI: Mfano mzuri sana. Basi mimi naona ni nyambizi. Ndogo, ya mtu mmoja, jeshi linafanya mazoezi. Pangaboi gani linachana tope likapinda kushoto kabla ya kufika kwenye kina?

KORONGO: Mimi sijasema limepinda.

RADARI: Nyambizi zote hupinda, kaka. Halafu na wewe umezidi siri. Mficha uchi hazai.

KORONGO: Nizae nini, Radari? Samaki wenyewe wamehama.

Sauti ilimtoka ndogo, nami roho ikaniuma.

Mteja wake alikuwa ameshafika. Ni mama mmoja kutoka mjini, Bi Loretta, miwani yake ya kuvulia inaning'inia shingoni, na alikuwa amesimama mlangoni akila soseji ya wali na kutusikiliza.

BI LORETTA: Samahani, mimi mgeni. Hivi kati yenu, ni nani ambaye hajawahi kufika kwenye hilo bwawa?

Bima akapuliza kahawa yake, nami nikapuliza yangu. Verna akakumbuka kitu dukani lakini hakwenda. Korongo alitupitia kwa macho mmoja mmoja, taratibu, jinsi anavyopitia maji akiwa amesimama nyuma ya boti. Kisha akauchukua upondo wake uliokuwa umeegemezwa ukutani, akaulaza kwenye magoti ya Radari.

KORONGO: Mpeleke mteja wangu. Njia unaijua.

Radari hakuushika, wala hakuurudisha.