Vidudu vya Umri Mumoja

Mama Pascasie: Haloo? Njo wewe, Ketsia, ao nimepata simu ya labo?

Ketsia: Ni mimi, Mama. Mumeamuka salama?

Mama Pascasie: Sikulala. Kuna neno nilisikia sokoni kwa wenye kuuza ndagala, nalikataa, halinitoki. Eti pale unapotumika munafuga malaria. Munailisha damu ya watu.

Ketsia: Ni kweli. Tunafuga ndani ya chupa, tujaribu dawa.

Mama Pascasie: Na unasema bila haya.

Ketsia: Ni kazi, Mama. Vidudu vikiwa na umri mbalimbali, dawa haipimiki vizuri. Tunatia maji yenye sukari ya labo: vikubwa vinapasuka, vitoto vinabaki. Basi vyote vinakomaa pamoja, kila siku mbili—

Mama Pascasie: Kama vifaranga vya kutotolewa siku moja.

Ketsia: (anacheka) Njo vile.

Mama Pascasie: Usicheke, sijamaliza. Wanasema mwenye kufagia pale alimuona binti mumoja akijichoma na sindano yenye vile vidudu, na yule binti akanyamaza.

[simu inakwaruza]

Ketsia: Mama, rezo ni mbaya, siwasiki—

Mama Pascasie: Rezo ni nzuri. Kidole gani?

Ketsia: ...Gumba. Cha kushoto.

Mama Pascasie: Lini?

Ketsia: Juzi. Nilikuwa narudisha kifuniko kwenye sindano.

Mama Pascasie: Mukubwa wako, Papa Ruphin, anasema nini?

Ketsia: Hajui. Atanisimamisha. Vidudu vya ile chupa nimevilinganisha umri majuma matatu, nani atavipima kwa saa yake?

Mama Pascasie: Na vyenye viko ndani yako, nani anavipima?

Ketsia: Sina homa.

Mama Pascasie: Bado. Umenifundisha mwenyewe: umri mumoja. Vitapasuka pamoja, utaanguka mara moja. Dawa ya malaria ya kila siku inaviua?

Ketsia: ...Hivi, hapana. Vimeizoea, vinahitaji ingine.

Mama Pascasie: Na muganga atajuaje, kama umefunga kinywa? Kaka yako Bénit naye alisema ni kuumwa kichwa tu.

Ketsia: Mama, musimutaje.

Mama Pascasie: Namutaja. Kaburi lake nalipalilia mimi.

[mulango unafunguka]

Ketsia: Papa Ruphin anaingia.

Mama Pascasie: Mwambie. Nasikia.

Ketsia: Papa Ruphin... nilijichoma. Juzi, na sindano ya chupa ya pili. [sauti ya mwanaume, mbali] Anasema nivue koti, twende kupimwa sasa hivi.

Mama Pascasie: Unité za simu zinaisha. Shika haya, na wenzako wayashike. Musirudishe kifuniko kwenye sindano. Musiguse damu bila glavu. Musifiche jeraha. Musingoje homa. Na musiseme rezo ni mbaya wakati mama ana—

[simu inakatika]