Mama Povu na Tangi Lililokataa Kufuliwa

Wasikilizaji wapendwa, poleni na shughuli za leo. Kama uko jikoni, endelea na sufuria yako. Kama unapiga pasi, piga tu. Tunayemkumbuka leo asingekuambia uache kazi ukae. Angesimama pembeni yako akuonyeshe kwamba kola bado ina mkunjo.

Kazini walimwita Mama Povu. Alifua shuka za hospitali kwa miaka ishirini na tisa. Miaka ishirini na tisa, wasikilizaji, katika chumba kimoja cha chini, chenye mashine nne, mvuke usioisha na dirisha moja lisilofunguka. Alifariki wiki tatu zilizopita akiwa na umri wa miaka sitini na mbili. Ameacha binti mmoja, mdogo wake wa kike, na tangi la samaki.

Tangi hilo ni la kioo, refu kama mkono wa mtu mzima, na limepandwa majani ndani. Binti yake anasema tusipolieleza tangi hatutakuwa tumemweleza mama yake. Basi na tulieleze.

Binti huyo ni mwalimu wa udereva. Siku nzima yuko kiti cha abiria, mguu juu ya breki ya ziada, akiwaambia watu wazima watazame kioo cha pembeni. Mama Povu aliwatania wenzake kwamba amezaa mtu anayelipwa kwa kukaa. Yeye mwenyewe alikula amesimama, sahani mkononi, mgongo umeegemea friji. Siku ya harusi ya binti yake, wageni wakiwa bado wanacheza, alianza kukunja vitambaa vya meza. Mjomba mmoja wa bwana harusi aliinua glasi yake kwa wakati, vinginevyo ingekunjwa nayo.

Alikuwa mtu wa hivyo. Hakutulia. Mikono ikikosa kazi, mguu ulitikisika. Mguu ukikanywa, macho yalitafuta vumbi.

Kisha moyo ukaanza kuchoka. Akapanda ngazi na mzigo wa mataulo, akaishia katikati. Daktari akamstaafisha mapema, akampa vidonge vya aina mbili na agizo moja: kila siku akae nusu saa, bila kitu mkononi. Alisema kukaa huko ni dawa kama vidonge. Mama Povu akameza vidonge. Agizo la kukaa akalisahau.

Wiki ya kwanza ya kustaafu alifua mapazia yake yote. Wiki ya pili akafua ya jirani, ambaye hakuwa ameomba. Wiki ya tatu binti yake alimkuta juu ya stuli, midomo imekuwa ya kijivu, akifuta taa ya dari. Balbu ilikuwa inawaka.

Binti hakugomba. Alimshika kiuno akamshusha taratibu. Lakini siku hiyo, anasema, aliendesha gari kurudi nyumbani kwa hofu. Aliogopa moyo ule utasimama ghafla. Na aliogopa jambo la pili, ambalo hakuwahi kumwambia mtu: kwamba mama yake ataondoka duniani kabla hawajaketi pamoja hata saa moja, wakazungumza.

Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwepo bwana mmoja muuza samaki wa mapambo. Wanafunzi wenzake walimpa jina Breki, maana aliikanyaga hata gari likiwa limeegeshwa. Siku moja, wakisubiri taa ziwabadilikie, Breki alimuuliza mwalimu kwa nini ana uso wa msiba. Akaelezwa. Akafikiri hadi magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Akasema mtu asiyekaa hahitaji kiti, anahitaji kitu cha kutazama.

Jumamosi akaleta tangi. Akaweka mchanga, mawe mawili, mimea ya majini, na sponji yenye pampu ndogo inayotoa mapovu. Akasema maji yakae mwezi mzima na mimea peke yake, yajiandae. Mama Povu akauliza maji yanajiandaa kwenda wapi. Lakini alisubiri, kwa manung'uniko, akilizunguka tangi kama mtu aliyenyimwa ufunguo wa chumba chake.

Mwezi ulipotimia wakaja wakazi: samaki kumi wadogo, kila mmoja na mstari wa buluu ubavuni, na uduvi wanane, wekundu, wenye miguu kama nyuzi. Breki akatoa maelekezo, akayarudia mara mbili. Sponji isioshwe kwa maji ya bomba. Utelezi wa kahawia ulioko ndani yake ndio unaosafisha sumu ya kinyesi cha samaki. Ukijani wa kwenye kioo ni chakula cha uduvi. Usiguse, mama. Mama Povu akaitikia kwa kichwa, macho yakiwa kwenye sponji.

Alivumilia siku sita.

Siku ya saba, wasikilizaji wapendwa, aliitoa sponji ile. Akaisugua kwa brashi. Akaichemsha, kama alivyochemsha shuka za wodi ya wagonjwa wa kuambukiza. Akasugua mawe. Akafuta majani, moja moja, mbele na nyuma. Akabadilisha maji yote kwa maji ya bomba. Kisha akampigia binti yake simu akiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi, akamwambia aje aone, tangi linang'aa kama meno ya mtoto.

Binti alikuwa na wanafunzi wa mtihani. Alifika siku ya nne baada ya simu hiyo. Kweli lilikuwa linang'aa. Akahesabu samaki. Akahesabu tena.

"Mama, wengine wako wapi?"

"Wamejificha."

"Wote saba?"

"Ni waoga."

Binti akapiga magoti akachungulia nyuma ya mimea. Akaangalia chini ya mawe. Uduvi walikuwa wawili. Alipogeuka, alimkuta mama yake amesimama katikati ya sebule, mikono inaning'inia, haina la kushika. Samaki saba na uduvi sita walikuwa wamezikwa kwenye chungu cha maua, kila mmoja amefungwa kwenye kipande cha kitambaa safi, kilichopigwa pasi.

"Nimefua miaka yote hiyo ili watu wasife," Mama Povu akasema. "Uchafu ndio unaoua. Mimi nimeona wodini kwa macho yangu. Sasa hawa nimewaua kwa usafi?"

Binti alichukua simu. Akampigia Breki.

Breki alikuja na mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na sponji kutoka kwenye tangi lake la dukani, imejaa utelezi, rangi ya chai iliyochacha. Akamwambia Mama Povu aikamue mwenyewe ndani ya maji yake. Ilibidi awe yeye. Mama Povu aliishika kwa ncha za vidole, akageuza uso pembeni, akakamua. Maji yakawa ukungu wa kahawia. Akasema hajawahi kujidhalilisha hivyo mbele ya wageni.

Breki akaongeza amri. Maji yabadilishwe kidogo tu, mara moja kwa wiki, na yale yaliyolala kwenye ndoo usiku kucha hadi dawa ya bomba iishe. Zaidi ya hapo, siku arobaini bila mkono kuingia tangini. Halafu akasema, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba uduvi mmoja kati ya wale wawili ana mayai. Yalikuwa chini ya tumbo, madogo, kama shanga. Akisumbuliwa atayaangusha.

Kuanzia kesho yake binti alikuja kila siku baada ya somo la mwisho. Aliweka viti viwili mbele ya tangi. Akamkalisha mama yake kimoja, akakaa kingine, akamshika mikono yote miwili. Alimshika kweli, wasikilizaji, kama anavyoshikwa mtoto karibu na jiko.

Siku ya kwanza walikaa dakika tisa. Mama Povu alisema ukijani umeongezeka. Alisema kioo kinatia aibu. Alisema uduvi yule ni mvivu, hana kazi zaidi ya kuchezesha miguu. Aliuliza saa mara nne. Siku ya pili walifika dakika kumi na tatu, na mguu wake ulitikisa sakafu mpaka maji yakacheza. Siku ya tano alijaribu kujichomoa kwa kusema anakwenda msalani. Binti akamsubiri mlangoni, akamsikia anasugua sinki.

Siku ya kumi na moja binti aliuliza jambo alilolibeba tangu ana miaka minane. Akiwa na umri huo alilazwa siku kumi na mbili kwa homa kali, katika hospitali hiyo hiyo ya mama yake. Watoto wengine walikuwa na mama zao kando ya kitanda. Mama yake alikuwa ghorofa mbili chini, anafua. Alipita asubuhi, akapita jioni. Mkono kwenye paji la uso, kisha huyo, ameondoka.

"Kwa nini hukukaa na mimi, mama?"

Mama Povu alielekeza macho tangini. Samaki mmoja alipita mbele yao, akarudi, akapita tena.

"Shuka zako nilizijua," akasema. "Nilizishonea uzi mwekundu pembeni. Kila siku nilizitafuta kwenye rundo, nikazifua peke yake, kwa mkono, maji ya moto mpaka viganja vikababuka. Ningekaa pale kitandani ningefanya nini? Ningekutazama tu."

"Ndicho nilichotaka. Unitazame tu."

Mama Povu akaichomoa mikono yake. Binti alidhani anasimama. Lakini alishika kiti chake kwa pande zote mbili, akakivuta, akakigeuza, magoti yao yakagusana. Samaki wakabaki ubavuni. Akamtazama binti yake. Binti anasema hajui ilikuwa muda gani, na yeye ni mtu wa kupima muda, kazi yake ni ya saa. Anajua tu kwamba mguu ulikuwa umeacha kutikisika.

Tusidanganyane, wasikilizaji wapendwa. Hakugeuka kuwa mtu mwingine. Kesho yake mguu ulianza tena kutikisika. Aliendelea kulalamikia ukijani. Aliendelea kuzitolea macho nywele za Breki na kusema zinahitaji maji na sabuni. Lakini alikaa. Dakika ishirini, kisha thelathini, kisha wakasahau kuhesabu.

Siku ya ishirini na tisa binti alichelewa. Breki alikuwa ameingiza gari mtaroni, katika barabara iliyonyooka, bila gari jingine kuonekana. Walivutwa, wakapigiwa makofi na watazamaji. Binti alifika kwa mama yake akiwa na matope hadi magotini, ameshapiga simu tatu bila kupokelewa. Mlango ulikuwa wazi. Nyumba kimya. Hakuna bomba linalotiririka, hakuna kitu kinachosuguliwa. Katika maisha yake yote hajawahi kusikia nyumba ile kimya hivyo. Alimwona mama yake kwenye kiti, kichwa kimeinama mbele, mikono mapajani, hatikisiki.

Anasema alibaki kizingitini, mkono kwenye mlango.

"Usibamize mlango," Mama Povu akasema bila kugeuka. "Wametoka."

Kwenye jani moja, penye ukijani mwingi kuliko pote, walikuwa wakitambaa uduvi wachanga. Kila mmoja hakuzidi unywele wa kope. Walikuwa wanakula. Mama Povu alikuwa amekaa pale saa nzima na nusu, peke yake, bila kushikwa na mtu.

Waliishi hivyo mwaka mmoja na miezi miwili. Daktari alishangaa, akasema moyo ulikuwa umempa muda mrefu kuliko alivyotarajia. Mwaka mmoja na miezi miwili, karibu kila siku, viti viwili. Siku ya Jumatano, asubuhi, Mama Povu alifariki nyumbani kwake akiwa amelala.

Tulipozungumza na binti yake, alitupokea amesimama. Tangi amelihamishia kwake, pamoja na viti viwili. Anasema wiki mbili za kwanza aliwapa samaki chakula akiwa na funguo za gari mkononi, akatoka mbio. Hakuweza kukaa mbele yake. Aliendesha gari bila kuwa na mwanafunzi. Alizunguka mitaa mitupu. Alifua vitu vilivyokuwa safi.

Wiki iliyopita wanawake wa chumba cha kufulia walikuja, wanne, na sare zao, moja kwa moja kutoka zamu. Hawakuuliza. Walikuwa wamepangiana siku. Mmoja kila jioni, ili kiti cha pili kisikae kitupu. Mkubwa wao, anayeendesha mashine ya kukamulia, ndiye aliyeanza. Alikaa dakika kumi na moja, akainuka, akafika hadi mlangoni, akasema huku ni kutesana. Halafu akarudi akakaa.

Kwa binti, kwa mama mdogo wake, na kwa kina mama wa chumba cha kufulia: poleni sana. Tuko nanyi. Mungu awape nguvu, na awape utulivu ambao mikono yenu haijauzoea.

Na kwako unayesikiliza. Kuna mtu wako anayepita pita nyumbani, hatulii, kila ukimwita anasema subiri kidogo. Pengine ni wewe. Fundi mitambo wetu hapendi redio inyamaze. Kwake ukimya hewani ni hitilafu, na anatafuta kitufe. Leo tumemwomba, amekubali, ingawa namwona anahangaika kwenye kiti chake. Tutakaa kimya nusu dakika. Usibadilishe stesheni. Weka chini ulichoshika. Kama kuna mtu chumbani humo, mtazame tu.

Tunaanza.